Waya Uliofungwa Ncha Zote Mbili

Nyinyi mnaoandika programu katika ofisi hii mna tabia moja inayoniudhi: kitu kikikwama mnasema ni mtandao. Na wale wa mtandao wana tabia yao inayoniudhi vilevile: kitu kikikwama wanasema ni programu. Nimekaa katikati yenu miaka yote hiyo nikimeza mate. Sasa nimestaafu, funguo za kabati la mtandao nimeshazikabidhi, na naweza kuwaudhi wote kwa pamoja bila kuitwa ofisini.

Kuna jambo mnalipenda kulisema mnapokunywa chai, kwamba programu ya kwanza ya mahujaji iliyoandikwa hapa ilianguka kwa sababu aliyeiandika hakuijua kazi. Nimelisikia kwa watu ambao hawakuwahi hata kumwona. Kila nikilisikia lilinichoma, na nilikuwa nimefungwa mdomo. Nitalifikia. Kwanza nieleze nilikotoka, maana bila ya hapo hamtaelewa kwa nini siku ile nilitembea nimeshika waya kama kipofu.

Niliingia kazini katikati ya miaka ya themanini, fundi wa simu asiyejua kitu. Aliyenifundisha ni Fundi Alfonsi, mzaliwa wa hapa mjini, wazee wake walitoka bara. Alikuwa mtu wa kanisani, mpole wa sauti na mkali wa kazi, na mfukoni alikuwa na bisibisi moja ya mpini wa mti ambayo hakumwazima mtu. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye nyumba moja ya Kiponda ambako simu ilikuwa imekufa. Nilitaraji kupewa chombo. Alinipa waya, akaniambia niushike na nisiuachie mpaka nifike mwisho wake.

Mnazijua nyumba za Mji Mkongwe. Waya ule ulipanda juu ya dari, ukatoka dirishani, ukaingia nyumba ya jirani. Nikapiga hodi. Ukatokea kwa jirani wa pili, nikapiga hodi tena, nikanywa kahawa ambayo sikuiomba. Kwa jirani wa tatu ulipita uani, na hapo niliikuta kanga mbichi, shuka mbili na kanzu, vyote vimeanikwa juu ya laini ya simu ya watu. Waya ulikuwa umekatikia pale. Mwenye nyumba alisema siku zote alidhani ile ni kamba yake.

Nilirudi kwa Fundi Alfonsi nikiwa na hasira. Aliniambia nisimwamini mtu yeyote anayenieleza waya unakwenda wapi, hata awe ndiye aliyeutandika. Niufuate kwa mkono. Hilo ndilo somo lake kubwa, na mengine yote yalikuwa ni namna ya kupanda ngazi bila kuanguka.

Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini nilihamishwa huko, kwa kuwa nilionekana mtu wa waya. Mwanzo zilifungwa kwa waya mmoja mnene mweusi uliopita mashine hadi mashine. Karani mmoja akiusukuma kwa mguu, ofisi nzima ililala. Kisha ikaja habu, na tukaona tumefika. Kila kompyuta ikapata waya wake na tundu lake, na mmoja ukikatika mashine nyingine zinaendelea.

Kwa nyinyi mlioikuta swichi tayari imekaa, habu ni kisanduku kisichomjua mtu. Likiingia neno kwenye tundu moja, hulitoa kwenye matundu mengine yote, la nani si shauri lake. Ni sawa na mtu anayesimama katikati ya Kikwajuni akaita jina la Hamadi kwa sauti, na mtaa mzima ukachungulia. Wawili wakisema kwa pamoja maneno hugongana, na kila mmoja hulazimika kurudia. Kwenye habu yetu palikuwa na taa nyekundu ya mgongano. Ikikonyeza mara mojamoja, ndiyo maisha. Ikikonyeza sana, ujue makarani wote wako kazini, jambo lililokuwa nadra.

Swichi, kisanduku kilichokuja baada yake, hujifunza. Inajua tundu hili yuko nani na lile yuko nani, na neno la mtu hulipeleka kwake peke yake. Kwa hiyo mashine nyingi husema kwa pamoja na hakuna mgongano. Lakini kuna aina moja ya neno ambalo hata swichi hulipeleka kwa wote, nalo ni wito. Kompyuta inayoitafuta seva, ile mashine kuu inayoweka kazi ya wote, inapouliza "Seva iko wapi?" haijui imuulize nani, basi huwauliza wote. Likumbukeni hilo, nyinyi wa programu hasa, maana programu zenu hupiga wito kuliko mnavyodhani.

Nilifika katika ofisi hii ya kusafirisha mahujaji miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mkurugenzi alikuwa Bwana Haroub, marehemu sasa, mtu mcha Mungu na mwenye hasira za karibu sana. Mwandishi wa programu alikuwa mmoja tu, Rukia, msichana aliyesomea bara akarudi. Alikuwa akiandika programu ya kusajili mahujaji, na meza yake ilikuwa pembeni kwangu. Tuligombana kila wiki. Yeye alisema habu yangu ni nzito, mimi nikasema programu yake inapiga kelele. Tulikuwa tukisema kweli sote wawili.

Msimu ulipokaribia, swichi mpya ikaja na programu mpya ikamalizika. Bwana Haroub akaamuru vyote vifungwe kwa pamoja wiki moja. Tulimwambia kimoja kwanza, kingine baadaye. Alisema mahujaji hawasubiri. Basi nikaitoa habu nikaiweka juu ya kabati, nikafunga swichi, na Rukia akaweka programu yake kwenye mashine zote. Jumatatu ilikwenda vizuri mno. Makarani waliingiza fomu mpaka wakachoka, na Rukia aliniletea andazi, kwa mara ya kwanza.

Jumanne adhuhuri, kila kitu kikasimama.

Hapakuwa na moshi wala mlio. Skrini ziliganda tu, zote. Nilipofungua kabati nilikuta swichi nzima inameremeta kijani, kila tundu linakonyeza kwa kasi, picha ya afya kamili. Niliizima nikaiwasha. Ilifanya kazi kwa muda wa kumeza funda la maji, kisha ikarudi vilevile. Nilibadilisha waya wa seva. Rukia aliizima seva akaiwasha. Tulipoichomeka kompyuta moja kwenye seva moja kwa moja, bila swichi, programu ilikwenda sawasawa. Rukia akaninyooshea kidole, akasema si yangu basi, ni swichi yako. Nikamwambia kwamba kompyuta moja si ofisi.

Sasa jueni kilichokuwa kinangojwa. Kundi la mwisho, watu wa kusini na mashariki ya kisiwa, fomu zao zilikuwa bado hazijaingizwa. Orodha yote ilitakiwa ifike Dar es Salaam kwenye disketi, ipande boti ya alasiri siku ya Alhamisi. Isipofika, wenye fomu hizo hawaendi mwaka ule. Kwa kompyuta moja na karani mmoja, kazi isingefika hata nusu.

Na wenyewe walikuwa wamekaa mbele yetu. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi ya karani, lakini mkurugenzi alikuwa ameitoa kompyuta iliyokuwamo ili mahujaji wapate pa kukaa. Miongoni mwao alikuwako Bi Mwanakhamis wa Paje. Alikuja Jumanne asubuhi kuleta picha iliyopungua kwenye fomu yake, na alipoona mashine zimesimama hakurudi kwao. Alilala kwa mpwa wake Kikwajuni, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kukaa pale kwenye kona chini ya dirisha, mkeka wake umekunjwa mapajani.

Alikuwa mjane, mkulima wa mwani tangu kilimo hicho kilipoanza kwao. Miguu ilikuwa inamvimba kwa kusimama majini, na vidole vyake vilikuwa na mikato ya kamba. Jumatano nilimpitia nikamwamkia, nikamwambia aende akapumzike, tutamwita. Alinijibu marahaba, akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, mwaka huu nna nguvu za kutembea. Wa mbele sina hakika nao. Nshakaa, nangoja."

Nilirudi kwenye kabati.

Jumatano hiyohiyo Bwana Haroub alianza kutafuta wa kumlaumu. Alikuwa akipita chumba hadi chumba akisema kuna mtu kaharibu, na atamjua. Hujaji mmoja wa Jambiani, katika kungoja, alibonyeza kibodi iliyokuwa mezani kwa karani, udadisi tu. Mkurugenzi alimkuta. Alimtoa nje, kisha akaichukua fomu yake mbele ya watu wote akaisukuma chini kabisa ya rundo. Sote tulielewa maana yake. Muda ulikuwa mchache, na wa chini ya rundo angeachwa. Hakuna aliyethubutu kusema neno, na mimi nikiwamo.

Asubuhi ya Alhamisi alituita mimi na Rukia. Alisema ama swichi ni mbovu ama programu ni mbovu, na kwake kosa ni la wote wawili mpaka mmoja asafishwe. Akaniamuru niirudishe habu. Rukia aliinua kidevu, akasema habu ikirudi programu yake itakwenda na hapo ndipo watu watajua. Nilimchukia kidogo wakati ule, nakiri, kwa kuwa nilidhani huenda anasema kweli.

Niliiteremsha habu nikaipangusa vumbi. Nikahamisha waya mmoja mmoja kutoka swichi, kila tundu na lake kwa mpangilio uleule. Nikawasha. Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu, makarani wako mezani, vidole juu ya vibodi.

Taa nyekundu ya mgongano ikawaka. Haikukonyeza. Iliwaka ikabaki vile.

Ofisi haikwenda. Nilisikia kiti kikiburutwa, karani mmoja akaguna. Nilipogeuka nilimwona Rukia amefumba macho, kwa sababu alijua sasa lawama yote ni yake. Lakini mimi niliona jambo jingine. Taa ile sikuwahi kuiona ikiwaka hivyo, na wakati huo hapakuwa na karani hata mmoja anayechapa. Swichi ilikuwa imenifichia ugonjwa kwa kukonyeza kijani siku zote zile. Habu, kwa ujinga wake wa kupiga kelele, ilikuwa inaniambia kuna neno linazunguka halina pa kutokea.

Nikamwambia Rukia atazame taa na aseme itakapozima. Nikaanza kuchomoa. Tundu la kwanza, bado. La pili, bado. La tatu, la nne, bado. La tano, akasema, "Imezima."

Nikalirudisha la tano, ikawaka. Nikaliacha pale, nikachomoa la sita. Ikazima tena.

 Waya mbili, na ukitoa wowote kati ya hizo ugonjwa unaondoka. Basi tatizo halikuwa kwenye waya huu wala ule. Waya hizo mbili zilikuwa zinakutana mahali. Neno likitoka la tano linarejea kwa la sita, linatolewa tena kwa wote, linarejea tena. Kwenye habu hugongana na kila kitu. Kwenye swichi hakuna wa kuligonga, basi wito mmoja huzunguka na kuzaa mwingine mpaka hapana nafasi ya neno la mtu. Na programu ya Rukia ilipiga wito, kama programu zote. Haikuwa na kosa lolote.

Karani mkuu alisema waya hizo zinakwenda kwenye ghala la nyuma. Alikuwa na uhakika kabisa. Niliushika wa tano kwa mkono.

Ulitoka kabatini ukapita juu ya mlango, ukafuata boriti, ukashuka kwenye ukuta wa chumba cha mbele. Mahujaji waliniinulia miguu nipite. Wa sita ulikwenda nao sambamba. Zote mbili ziliishia kwenye kasha moja la ukutani, lenye matundu mawili, chini ya dirisha, kwenye kona. Hapo ndipo kompyuta ya zamani ilipokuwa. Waya wake mfupi ulikuwa umeachwa umechomekwa tundu moja, na ncha ya pili ilikuwa imelala sakafuni tangu hapo. Sasa haikuwa sakafuni. Ilikuwa imechomekwa tundu la pili la kasha lilelile, vizuri kabisa, na waya umekunjwa kwa adabu.

Nilipiga magoti. Mkono uliponyooka kuchomoa, Bi Mwanakhamis akainama.

"Taratibu, mwanangu, hiyo nliifunga mimi. Nliikuta ncha moja ishafungwa na nyengine inaburura. Sie kwetu kamba ikiachwa hivyo, maji yakijaa mwani wote umekwenda."

 Rukia alikuwa amefika nyuma yangu, alisikia kila neno. Nikachomoa, na mara tu karani akapaza sauti kutoka ndani kwamba skrini zimeamka. Watu wakaanza kushukuru. Na Bwana Haroub akatokea mlangoni.

Aliuona waya mkononi mwangu. Akaniuliza umepatikana wapi, nikamwonesha kasha. Nikamwambia ni waya tu, umekaa vibaya, kazi inaendelea. Alisema waya haujichomeki wenyewe. Alitaka kujua nani. Rundo la fomu alikuwa amelipakata chini ya kwapa, na fomu ya Bi Mwanakhamis ilikuwa humo.

 Nilitafuta uongo na sikuupata kwa haraka. Bi Mwanakhamis alimtazama mkurugenzi, akautazama waya, na nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa ameelewa. Alianza kuinuka, akisaidiwa na ukuta, akafungua kinywa.

Rukia alimshika mkono, akamrudisha chini kitako kana kwamba anamwamkia.

"Ni mimi, Bwana Haroub," alisema. "Nilikuwa najaribu programu hapa. Nilisahau."

Siku tatu alikuwa ameapa, ameligombea jina la kazi yake kwa kila mtu katika jengo lile, nami wa kwanza. Na ilikuwa ndiyo kwanza kazi hiyo imesafishwa, ushahidi uko mkononi mwangu. Alisema maneno yale mkono wake ungali juu ya mkono wa yule mama.

 Mkurugenzi akamwambia amalize orodha, kisha achukue mkoba wake asirudi.

Tukafanya kazi. Makarani sita walichapa bila kuzungumza, mimi nikisoma majina kwa sauti. Jina la Bi Mwanakhamis liliingia katikati ya rundo, kama lilivyopangwa. Fomu ya chini kabisa, ya yule mtu wa Jambiani aliyegusa kibodi, Rukia aliiingiza mwenyewe, mkoba uko begani tayari. Kisha akaandika disketi, akaijaribu kwenye mashine nyingine, akaniwekea mkononi. Niliipeleka bandarini mbio mbio na nikaikabidhi kwa mjumbe wetu aliyekuwa ameshapanda. Niliporudi, meza ya pembeni kwangu ilikuwa tupu.

Jioni nilimfuata nyumbani kwao Malindi kumwambia kwamba nitamweleza mkurugenzi kweli yote orodha ikishapokelewa. Alinikatalia. Alisema aibu ile akishaisitiri hawezi kuisitiri nusu, na kwamba nikisema, yule mama atakwenda Makka amebeba shingoni, mbele ya watu, lawama ya kazi ya mtu. Kisha akaniuliza kama swichi nimeirudisha. Nikamwambia nimeirudisha. Akasema vizuri, maana habu yako nzito.

Bi Mwanakhamis alihiji. Aliporejea alikuja ofisini, miguu imepona kidogo, na chupa ya zamzam imefungwa kwenye leso. Hakuniuliza habari za mashine. Aliuliza yule mwanamke aliyebeba lake yuko wapi. Nilimchukua mpaka Malindi, nikakaa barazani, wao wakaingia ndani. Sikusikia walichosemezana, na sikuuliza. Alipotoka alikuwa na macho mekundu, akanipa kifurushi cha kamba nyembamba za buluu, zile taitai wanazofungia mwani. Alisema nyengine nikiziona zinaburura, nizifunge kwa hizo, nisiwaachie wapita njia wakazionea huruma.

Ndizo mlizozikuta kabatini. Mliniuliza mara nyingi kwa nini fundi mzima anafunga waya za mtandao kwa kamba za mwani, na nilikuwa nikiwajibu kwamba zinahimili chumvi, jambo ambalo pia ni kweli.

Mwaka jana nilikwenda Paje kumtazama akiwa mgonjwa. Alinishika mkono kwa vidole vyake vilevile, akaniambia akitangulia niseme. Nimwambie kila aliye katika ofisi ile kwamba msichana hakukosea. Nilimuahidi. Sasa ametangulia. Kabla ya kuandika haya nilimpigia simu Rukia, ambaye siku hizi anaandika programu Dar es Salaam na ana watoto wakubwa. Alimrehemu, kisha akasema basi sema.

Programu ya kwanza ya mahujaji aliiandika Rukia, na ilikuwa nzima. Ncha ya waya ule wa kona ipo mpaka leo chini ya dirisha, imefungwa kwa taitai kwenye msumari. Msiifungue.